Njooni Tanga wakati wa bamvua

Chumbageni, Tanga
14 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama anakusalimu na anauliza watoto hawajambo. Ile orodha mliyopanga na Rehema nimeisoma: Lushoto, Pangani, Kisiwa cha Maziwe, Saadani, halafu Tanga mjini "kama muda utabaki". Siku tatu hizohizo! Mwanaidi, mtashinda ndani ya gari, tena Rehema ana mimba ya miezi sita. Mimi naomba tuupindue mpango: tukae mjini siku zote tatu, mengine tuyaweke akiba.

Wala siichukii milima. Lakini Lushoto mwezi wa saba ni ukungu na masweta, na nyinyi Dodoma mnaikimbia baridi. Maziwe nako si kwa sasa. Pepo za kusi zinavuma, bahari ya nje imechafuka, hata wavuvi wanachagua siku za kutoka. Mjini ndiko kipupwe kinakonoga. Lile joto la Januari halipo, mtu unatoka hapa Chumbageni hadi bandarini kwa miguu mchana wala hutweti.

Jambo ninalolishikilia ni tarehe. Msikate tiketi mpaka muutazame mwezi. Ukiwa mpevu, au ukiwa ndio kwanza umeandama, ni bamvua, na kwetu siku za bamvua maji hujaa alasiri, kama saa kumi hivi, na asubuhi saa nne yamekupwa mbali kabisa. Kwa hiyo asubuhi tutatembea, na jioni tutashuka Raskazone kuogelea maji yakiwa yamejaa pomoni. Mkija siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi, na jioni yanakuwa yamekupwa. Wageni wengi huondoka wakisema bahari ya Tanga haiogeleki, kumbe walikosea saa tu. Sitaki nyinyi muondoke na neno hilo.

Safari kutoka Dodoma ni ya kutwa, Morogoro, Chalinze, Segera. Rehema mchukulieni kiti cha mbele, mbali na matairi ya nyuma. Mkifika Muheza nunueni machungwa, ndio msimu wake, na msiyakatae kwa ukijani wa ganda, ndani yameiva. Mkishuka stendi ya Kange nitawapokea.

Kulala ni kwetu, hilo halina mjadala. Mama amesema usiku wa kwanza atasonga bada mwenyewe, na mchuzi wa samaki wa nazi. Alivyosikia Rehema hajawahi kuuonja ugali wa muhogo wa kwetu alinyamaza kidogo, kisha akamtuma mtoto akaulizie unga mzuri. Kufungua kinywa tutakwenda kwa mama wa jirani, anapika mbaazi za nazi na mahamri. Tuwahi tu, saa mbili sufuria inakuwa tupu.

Jumamosi asubuhi Mapango ya Amboni, kilomita kama nane tu kutoka mjini. Kuna mahali pa kuinama na pa kujibana, kwa hiyo Rehema aishie pale mwanzoni penye nafasi, mimi nitabaki naye, nyinyi mfuateni mwongozaji na tochi yake mkawaone popo. Tukirudi tupite stesheni ya reli, ile njia iliyoanza kujengwa hapa 1893 ikafika Moshi 1911, halafu boma la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi. Hapo nusu saa inatosha, saa kumi maji hayatusubiri.

Jumapili ndiyo siku ninayoisubiri mimi. Nataka niwapeleke Tongoni, barabara ya Pangani, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani kando ya mikoko. Baadhi ya makaburi yale yalijengewa nguzo, na nyingi zimeanguka, zimelala kwenye nyasi. Tazameni nguzo kwa karibu mtaona vishimo vya mviringo, ukubwa wa bakuli la uji. Ndimo mafundi walimopachika kaure za Kichina, kwa chokaa ya matumbawe. Kaure zimechokolewa zikaondoka, duara limebaki. Watu watawasimulia habari za Vasco da Gama, kwamba 1499 akirudi kutoka India aliichoma meli yake São Rafael katika pwani hii, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Ni kweli, lakini mimi hunigusa zaidi huyo fundi wetu, aliyekuwa na bakuli iliyovuka bahari nzima akaona mahali pake ni juu ya kaburi la mtu aliyeheshimika. Nataka tukae pale bila haraka, sote wanne. Tangu tumalize chuo hatujakaa hivyo, tunaonana harusini na misibani tu, na Rehema akishajifungua tutangoja tena miaka.

Mchango tugawane gari na kiingilio, chakula niachieni mimi. Mwambie Rehema aulize kliniki kwanza kama anaruhusiwa safari ndefu, na kadi yake aje nayo. Asha nitampigia mwenyewe, kwa barua hajibu. Wewe tazama mwezi wa Julai, unichagulie Ijumaa, unijibu mapema nimpe mwenye gari arubuni.

Wako akupendaye,
Saumu