Jiwe la Kafu

Kigumba

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, mahindi yameingia ghalani, na yule ng'ombe mwekundu kazaa.

Ulinipigia juzi mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Uliuliza: sisi tunasoma jiolojia pale Makerere tujue mafuta yako wapi, wewe baba miaka yote hii unasoma makosa ya wanajiolojia waliokwisha kufa, unapata nini? Ulicheka, nami nikacheka, lakini usiku swali likaninyima usingizi.

Lile jiwe la dirishani kwangu unalikumbuka. Ulipokuwa mdogo ulipondea karanga nalo nikakufokea. Nililiokota mto Kafu, ningali mwalimu kijana. Limebanduka upande mmoja, ukali umebaki kama wa shoka, na nikawaambia wanafunzi limechongwa na binadamu wa kale. Sikujitungia. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia kule Entebbe, aliona kokoto za namna hiyo kwenye changarawe za kale za mto huu, akazihesabu kuwa zana na kuupa utamaduni mzima jina la Kafu. Vitabu vikamfuata. Kisha mwaka 1959 mwanajiolojia W. W. Bishop akaonyesha kuwa zile kokoto zilivunjwa na maumbile tu, bila mkono wa mtu. Habari hiyo ilinifikia nimeshafundisha darasa baada ya darasa. Wanafunzi wangu wengine sasa ni wazee kama mimi, na wangali wanaamini.

Wayland hakuwa mzembe, mama. Ndiye aliyeandika mwaka 1925 juu ya mafuta yanayochuruzika kando ya Ziwa Albert, na mafuta ya kutosha biashara yakaja kuthibitishwa 2006. Jicho lililoona mafuta sawasawa ndilo lililoona zana pasipo na zana. Nadhani ni hivi: zana zilizojulikana zilikuwa zimechongwa kidogo, basi akatarajia kabla yake kuwe na nyingine duni zaidi. Kiti kilikuwa kimeshawekwa, jiwe likaja kukikalia.

Na Bonde la Ufa je? Gregory, mwanajiolojia aliyelipa jina hilo, alisema ardhi imevutwa huku na huku, kati pakadidimia. Wayland akalitazama tawi lake la huku kwetu akasema sivyo, ardhi imebanwa, kingo zikapanda. Mwaka 1936 Bullard, mtaalamu wa fizikia ya dunia, akatoa vipimo vya nguvu ya uvutano vya Afrika Mashariki, hesabu zake zikaegemea upande wa kubanwa. Hesabu, si maneno matupu! Leo walimu wako watakwambia ardhi inavutwa, na ndivyo ilivyo. Vipimo vya Bullard havikutupwa, vilifasiriwa upya tu. Mwenzako wa kemia akitilia shaka jibu lake hurudi maabara akachanganya tena. Sisi wa jiolojia, ufa ulipoanza kufunguka hakuna aliyekuwapo, na hatuwezi kuurudisha tukauangalia. Ndiyo maana Chamberlin, mwanajiolojia wa Marekani, alishauri mwaka 1890 kwamba mtafiti awe na dhana kadhaa kwa wakati mmoja, kwani mwenye moja huipenda kama mzazi apendavyo mwanawe. Mimi ni mzazi, najua anachosema.

Mto wenyewe ni kituko kuliko mawe yake. Kafu na Nkusi huanzia kwenye kinamasi kimoja: Kafu hushika mashariki mpaka Nile, Nkusi hushuka magharibi kuingia Ziwa Albert. Zamani maji yote yalielekea magharibi, mpaka ukingo wa Bonde ulipoinuka ukayarudisha. Ukiutazama mto umelala chini ya mafunjo hivyo, hutaudhania kuwa uliwahi kugeuka. Mimi mwenyewe nilipita juu ya daraja lake mara nyingi bila kuwaza.

Desemba ukija, mwambie kondakta akushushe pale darajani, nitakuwa nakungoja na boda ya Okello mdogo wa jirani. Njoo na nyundo yako, yangu mpini umekatika. Jiwe liko palepale dirishani. Ile karatasi niliyoandika "zana" nimeibandua. Likague wewe kwanza, kisha uniambie umeona nini, nami nitanyamaza mpaka umalize.

Ni mimi,
Baba yako