Barua kwa mwanangu: jina Mwanza lilikuwapo kabla ya Wajerumani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma pamoja na wenzako wote wa kazini. Sisi hapa Nyegezi hatujambo. Baba yako amepona mafua yake, na bibi yako anakusalimu sana. Barua yako imenifikia. Unaniuliza kama ni kweli kwamba jina la mji wetu lilitokana na ulimi mzito wa Wajerumani, waliotaka kusema Nyanza wakaishia kusema Mwanza, kwa kuwa mwenzako wa ofisini amekuapia kwamba ndivyo alivyofundishwa. Maelezo hayo nimeyasikia tangu utotoni, nimeyasoma katika vipeperushi vya watalii, na katika miaka yote niliyofanya kazi ya kuchora ramani nimeyakuta midomoni mwa watu wenye elimu kubwa kuliko yangu. Siyakubali, na nitakueleza sababu zangu kwa kirefu, maana hili ni jambo la ushahidi na halihitaji kuapiana.

Anza na tarehe. Wajerumani walijenga kituo chao hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1892. Lakini tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa amemwacha mwenzake Richard Burton akiugua huko Kazeh, yaani Tabora ya leo, alipanda kilima karibu na hapa tulipo akaliona ziwa. Katika maandishi aliyoyachapisha baadaye anapataja mahali alipofikia kwa jina la Muanza, na mtawala wake anamwita Mahaya. Na katika maandishi hayo hayo ziwa lenyewe analiita Nyanza. Sikio moja, katika siku zile zile, lilisikia majina mawili tofauti na kuyaandika kwa namna mbili tofauti, na wakati huo utawala wa Kijerumani katika nchi hii ulikuwa haujaanza wala kuota.

Mwenzako anaweza kujibu kwamba basi aliyekosea ni Speke. Ni hoja ya haki, kwa sababu Speke hakujua Kisukuma, na alizungumza na watu kupitia kwa Sidi Mubarak Bombay, yule Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi akiwa anajua Kihindustani, ndiyo lugha aliyoelewana nayo na bwana wake. Kwa hiyo kila jina lilitoka kwa wenyeji, likapita kwa Bombay, ndipo likafika kwenye kalamu ya Mwingereza. Katika njia ndefu namna hiyo herufi moja moja inaweza kupotea. Lakini kama masikio yao yangekuwa yanaigeuza Nyanza kuwa Muanza, yangeigeuza kila mahali, na ziwa nalo lingeandikwa Muanza. Halikuandikwa hivyo.

Wajerumani nao wanajitetea wenyewe kwa ramani zao. Mji waliuandika Muansa, kwa herufi s, kwa kuwa katika maandishi yao s inayotangulia irabu husomwa kama z yetu. Ziwa waliliandika Viktoria-Nyansa. Maneno hayo mawili yanakaa kwenye karatasi moja, umbali wa vidole viwili, na mchoraji aliyeweza kuandika Nyansa juu ya maji hakuwa na shida yoyote ya kuandika Nyansa juu ya mji kama ndivyo alivyoambiwa. Sisi tuliofanya kazi ya kuchora ramani tunajua kwamba mtu hukosea jina asilolijua, lakini hili lilikuwa mezani pake kila siku.

Sasa njoo kwa wenye lugha. Bibi yako hasemi Mwanza anapozungumza Kisukuma. Husema Ng'wanza, na umemsikia tangu ukiwa mgongoni. Sauti hiyo ya ng'w mwanzoni mwa neno mara nyingi hugeuka kuwa mw tunapolileta neno katika Kiswahili: ng'wana wa Kisukuma ni mwana, na yule mganga maarufu Ng'wanamalundi tunamwandika Mwanamalundi bila mtu yeyote kudai kwamba ni Mjerumani aliyemharibia jina. Kwa hiyo Mwanza ni Ng'wanza iliyovaa mavazi ya Kiswahili, tena kwa utaratibu unaoeleweka. Makarani wasiojua Kisukuma ndio waliokuwa wakitusumbua katika kazi yetu, kwa sababu ng' wakiisikia huandika ng ya kawaida au n tupu, na kijiji kikishaingia kwenye ramani na herufi pungufu, hati za viwanja na vibao vya barabarani hufuata upungufu huo huo.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu wa hapa hawautumii, labda kwa sababu tunadhani Mwanza ni moja tu duniani. Malawi wana Mwanza yao, mji na wilaya katika mpaka wa Msumbiji, kwenye njia ya malori yanayotoka Blantyre kwenda Tete. Nchi ile haikutawaliwa na Wajerumani hata siku moja, na jina linakaa pale kwa amani kama jina lolote la Kibantu.

Je, hii ina maana kwamba Nyanza na Mwanza hazihusiani kabisa? Hapana, na hapa ndipo ninapoona wanaosimulia hadithi ya Wajerumani walikaribia ukweli wakaupita. Nyanza ni neno la zamani la maji mapana, na ndugu zake wametapakaa. Wachewa husema nyanja, Wayao husema nyasa, na kutoka kwao tumepata jina la Ziwa Nyasa, ambalo ukilitazama vizuri utaona limesema ziwa mara mbili. Rwanda wana mji wa Nyanza uliokuwa makao ya mfalme, na Burundi wana Nyanza-Lac kando ya Ziwa Tanganyika, jina ambalo nalo, kwa msaada wa Kifaransa, limesema ziwa mara mbili. Kiswahili chetu wenyewe kina uwanja, ambao wingi wake wa kale ni nyanja, na ndiyo maana tunasema nyanja za elimu. Mimi naliona wazo moja ndani ya maneno haya yote, yaani mahali palipo wazi na papana, pawe pa ardhi au pa maji. Katika Nyanza mzizi huo umetanguliwa na ny, na katika Ng'wanza umetanguliwa na kiambishi kingine, kama lugha zetu zinavyofanya kila siku zinapotaka kutoa neno la pili kutoka katika mzizi mmoja. Hayo ni maoni yangu, lakini nayatoa nikiwa nimeyapima. Jina la mji na neno la ziwa ni ndugu waliozaliwa nyumba moja, na hakuna mgeni aliyemgeuza mmoja kuwa mwingine.

Nimejiuliza kwa nini hadithi ile inapendwa. Inapendwa kwa sababu ni fupi, na kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kitu hakikuwa na historia mpaka Mzungu alipokifikia, hata kama alikifikia kwa kukikosea. Tazama lakini yaliyotokea kwa majina ambayo Wajerumani waliyatoa wenyewe. Wilhelmstal leo ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, na Bismarckburg ya Ziwa Tanganyika ni Kasanga. Walipoondoka, mengi ya majina yao yaliondoka nao. Hapa kwetu limebaki lile jiwe la Bismarck, linalosimama majini karibu na mjini na kupigwa picha kuliko kansela Bismarck wa Ujerumani mwenyewe alivyowahi kupigwa, na nadhani limebaki kwa kuwa ni jiwe tu na hakuna anayeishi juu yake.

Speke naye alikuwa mkarimu wa majina. Kilima alichosimama alikiita Somerset, kwa jina la jimbo lao, na mkono mwembamba wa maji alioufuata aliuita Jordans, kwa jina la nyumba ya wazazi wake. Visiwa alivyoviona mbele yake alivipa jina la Bengal. Nenda Mwaloni Kirumba leo uwaulize wauza dagaa ni mashua gani inayotoka Bengal, uone watakavyokutazama. Katika ukarimu wake wote lililodumu ni moja, Victoria, la malkia wake, nalo alilitoa baada ya kukaa hapa siku chache na kuona pembe moja tu ya ziwa. Ni msafiri Henry Morton Stanley aliyelizunguka mwaka 1875 na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja, na ni yeye aliyeiita Ghuba ya Speke ile iliyo kati ya Ukerewe na Magu.

Ziwa lilikuwa na majina ya kutosha. Waganda wanaliita Nalubaale, kwa kulihusisha na balubaale, miungu yao, na Wajaluo wanaliita Nam Lolwe. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walilijua kwa jina la Ukerewe, kwa sababu mtu wa mbali hukiita kitu kikubwa kwa jina la sehemu anayoifahamu. Sisi wa kusini tuliliita Nyanza, yaani ziwa, na hatukuona haja ya kuongeza neno, maana ziwa la namna hiyo lilikuwa hilo moja. Kila ufuko ulikuwa na jina lake na hakuna aliyeona ugomvi. Waganda wamerudisha la kwao mahali pamoja: bwawa la umeme la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, leo linaitwa Nalubaale. Wapo wanaotaka ziwa zima libadilishwe jina, na mimi sina haraka hiyo, hasa nikikumbuka kwamba Idi Amin aliwahi kulipa Ziwa Edward jina lake mwenyewe, kisha yeye akaenda na jina likaenda.

Ukitaka kujua jinsi majina yanavyozaliwa kwa kweli, yaangalie yale madogo ya mjini, ambayo hakuna aliyeketi kikao kuyapitisha. Mkuyuni palikuwa na mikuyu. Mabatini ni pa nyumba za mabati, na jina lilibaki hata baada ya bati kuacha kuwa jambo la kutajwa. Makoroboi ni pale mafundi walipokuwa wakikata makopo kutengeneza taa za mafuta ya taa, na leo yupo kijana anayeuza simu pale ambaye hajawahi kuwasha koroboi. Mwaloni panajieleza kwa mtu wa huku, ingawa rafiki zako wa Dodoma huenda wasijue kwamba mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kushushwa. Kisiwa cha Saanane ndicho kinachowachanganya zaidi, kwa kuwa kila mtoto wa shule anadhani kilipewa jina la saa nane ya mchana. Saanane alikuwa mtu, Saanane Chawandi, aliyeishi na kufanya shughuli zake pale, akahamishwa mwaka 1964 kisiwa kilipofanywa bustani ya wanyama. Kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na jina lake halikuguswa.

Umeniambia pia kwamba wanakutania kuwa Wasukuma ni watu wa kusukuma. Wataniane tu, hasa kama wapo Wazaramo hapo. Lakini ujue kwamba sukuma, kwa Kisukuma na Kinyamwezi, ni upande wa kaskazini, na wa kusini ni dakama. Wasukuma ni watu wa kaskazini kwa aliyesimama Unyamwezi, na mtu wa kwetu akitazama upande wa Tabora huwaita wale Badakama. Jina letu, kwa hiyo, tulipewa na jirani kwa kututazama alikokuwa amesimama yeye, na tukalikubali.

Mwisho ni hili la daraja, kwa kuwa umeuliza uandike jina gani kwenye taarifa yako. Lilipokuwa linajengwa kila mtu aliliita daraja la Kigongo–Busisi, kwa majina ya ng'ambo mbili linazoziunganisha, na hivyo ndivyo kivuko cha pale kilivyozoeleka. Jina rasmi, tangu lilipofunguliwa Juni 2025, ni la J.P. Magufuli. Katika taarifa ya ofisi andika la rasmi kwanza, kisha uyataje Kigongo na Busisi, ili msomaji ajue ni wapi katika Ghuba ya Mwanza. Makondakta wa mabasi ya Sengerema wataamua wenyewe watakavyoliita.

Mwenzako akiendelea kubisha, mwombe akutafutie ramani yoyote ya Kijerumani ya kabla ya 1914, atazame upande wa kusini wa ziwa, asome jina la mji na jina la maji. Dada yako anauliza kama utakuja Krismasi, maana tiketi za basi zinaanza kuadimika mapema. Mjibu wiki hii.

Ni mimi mama yako.