Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu ya Ndege Ndogo

Ndugu wanachama,

Nianze na maji, maana ndiyo yaliyotutawala mwaka huu. Kwa wiki kadhaa za majira ya baridi, mwisho wa mashariki wa njia yetu ya kurukia ndege uligeuka dimbwi, na wageni waliopiga simu kuomba ruhusa ya kutua tuliwaambia wasije. Ilionekana kama mtaro umeziba tu. Tulipochimba tukakuta mabomba ya udongo yaliyokuwa yakitoa maji shambani yalikatwa wakati uwanja unajengwa, na mitaro iliyochimbwa badala yake kandokando ya zege imejaa matope na mizizi.

Anayejua viwanja hivi vya Vita vya Pili vya Dunia vilijengwaje hatashangaa. Mwaka 1942 Uingereza ilikuwa ikianza kujenga uwanja mpya wa ndege kila baada ya siku tatu hivi. Ramani ilikuwa moja, ya daraja A: njia kuu ya yadi 2,000, yaani kama mita 1,830, na nyingine mbili za yadi 1,400 zinazokatana nayo, ili ndege nzito za mabomu zisikose njia ya kuukabili upepo, uvume kutoka upande wowote. Zege lilimwagwa juu ya mashamba. Waliolimwaga walitaka livumilie mpaka vita viishe, basi. Sisi na vindege vyetu vya siku za mapumziko hatukuwamo katika hesabu zao, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Vita vilipokwisha, njia nyingi za aina hii nchini zilivunjwa, kifusi kikaenda kujengea barabara. Ndivyo zilivyokwenda mbili zetu. Tumebaki na kipande cha njia kuu, ambacho kinazitosha ndege zetu na ziada. Penginepo panaota ngano. Kipande hicho kikifa, klabu imekufa, hata tungekuwa na jengo zuri kiasi gani.

Na kinavyokufa ni polepole. Zege lilimwagwa kwa mabamba, na kati ya bamba na bamba kuna kiungo kilichozibwa kwa lami. Lami ikikauka na kupasuka, maji hupenya. Usiku wa baridi kali yanaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, yakibomoa kingo za bamba kidogokidogo. Vipande vinavyomeguka ndivyo vinavyovutwa na propela rubani anapoongeza nguvu ya injini akiwa bado amesimama. Mwanachama mwenzetu mmoja amelazimika kununua propela mpya kwa sababu ya kijiwe kisichozidi punje ya harage. Kufagia tunafagia, na nawashukuru wanaojitokeza Jumamosi asubuhi na mifagio yao, lakini kufagia hakuzibi kiungo.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo moja kubwa: akiba yote ya klabu iende kwenye mitaro na viungo vya zege, na ukarabati wa jengo usubiri. Najua wengi walitarajia kinyume. Kibanda chetu cha Nissen, cha bati lililopindwa nusu duara, aina iliyobuniwa mwaka 1916 kwa ajili ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kinavuja juu ya meza ya chai na kitaendelea kuvuja. Mweka hazina atasambaza hesabu kabla ya kura. Msimamo wangu nausema wazi: ndoo chini ya tundu la bati itatufikisha mbali kuliko rangi mpya ukutani.

Mtakuwa mmeona namba za njia zimepakwa upya, na kila moja imepungua kwa moja. Njia haikuhamishwa! Namba hufuata usomaji wa dira, digrii zikigawanywa kwa kumi, na ncha ya sumaku ya dunia haitulii. Uwanja wa Stansted, karibu na London, walibadilisha zao mwaka 2009, kutoka 05/23 kwenda 04/22. Mwaka 2019 sindano ya dira pale Greenwich ilielekea kaskazini halisi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 360 hivi. Tupeni ramani za zamani zilizobaki kwenye mikoba yenu.

Kuhusu usalama, tangu Januari 1, 2025 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza inataka ndege za injini za pistoni zinazobeba abiria wasio marubani ziwe na kifaa cha kutambua kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moshi wa injini, kifaa kinachotoa onyo chenyewe. Kadi inayobadilika rangi haitoshi, kwa sababu gesi hiyo humlevya kwanza yule anayepaswa kuitazama kadi. Wenye ndege zisizo na paa, msinijie na vichekesho vyenu. Na wanaotumia petroli ya magari wakumbuke kwamba tangu Septemba 2021 ile ya kawaida inaweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta maji na kuharibu mipira na vizibo vya mifumo ya zamani.

Majani ya upande wa kaskazini hayakukatwa kwa makusudi. Kipozamataza, wale ndege wadogo waimbaji, hutaga chini, na wametaga huko. Walioniandikia wakilalamika juu ya hatari ya ndege-mnyama kugongana na ndege-mashine wana hoja, ila majani marefu pia huyanyima makundi ya kunguru na shakwe malisho yao, na hao ndio wakubwa wa kutisha.

Kuna maombi ya kujenga nyumba karibu na mstari wetu wa kutua. Sera ya taifa ya mipango inazitaka halmashauri zitambue umuhimu wa viwanja vidogo, na inamtaka mjenzi mpya, si jirani aliyetangulia, abebe gharama ya kupunguza kero ya kelele. Tutaisimamia hoja hiyo kwenye kikao cha halmashauri. Hoja yetu itakuwa na uzito zaidi kama mtaacha kukata kona juu ya kijiji.

Nafasi mbili za kamati ziko wazi. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano. Mwenye ujuzi wa mifereji atapokelewa kwa mikono miwili, hata kama hajawahi kurusha ndege.

Mwenyekiti