Wanangu wa sauti ya tatu, mnaliua koo

Tumsifu Yesu Kristo.

Siku ya Pasaka nilikaa benchi la nyuma nikawasikiliza. Ilipofika Aleluya ya mwisho mliinua videvu kama kuku anayekunywa maji, mishipa ya shingo ikawatoka, na noti mkaipata, ndiyo, lakini kwa kuikaba. Baada ya misa wawili wenu waliniamkia kwa kunong'ona, sauti zimekwisha. Sikuwasema palepale, sikukuu ni sikukuu. Nawasema leo.

Najua simu zenu zimejaa video za Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera (tamthilia ya kuimbwa), naye wa sauti ya tatu kama ninyi. Shangwe mnaiona, ilikotoka hamuulizi. Alizaliwa Modena, Italia, mwaka 1935. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha tumbaku. Baba yake, Fernando, alikuwa mwoka mikate, naye aliimba sauti ya tatu, nzuri kwelikweli. Woga wa jukwaa ndio uliombakisha kwenye kwaya ya mji. Baba na mwana waliimba kwaya moja, na mwaka 1955 kwaya hiyo ikashinda mashindano ya Llangollen, kule Wales.

Kijana hakukimbilia jukwaani. Alifundisha shule ya msingi, akauza bima, huku akijifunza kwa Arrigo Pola, ambaye hakumtoza hata senti. Baadaye akaota kivimbe kwenye nyuzi za sauti, akaimba vibaya mno huko Ferrara, akaamua kuacha. Ajabu, alipoacha kuhangaika kivimbe kikaondoka. Ndipo tarehe 29 Aprili 1961 akapanda jukwaa la Reggio Emilia akiigiza Rodolfo katika opera La bohème, umri miaka 25. Ninyi mna miezi minane kwenye kwaya na mmeshaanza kununiana kwa sababu ya solo.

Sasa nisikilizeni, hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwaka 1965 alizunguka Australia na Joan Sutherland, mwimbaji mashuhuri wa sauti ya kwanza. Wakati huo alikuwa ameshaimba Covent Garden, jumba la opera la London, angeweza kujiona amefika. Lakini alikuwa akimwekea yule mama mikono chini ya mbavu, ahisi pumzi inavyoingia na inavyoshikiliwa kabla sauti haijatoka. Mtu mzima, mwenye jina, anajifunza kwa viganja! (Dada zenu wa sauti ya kwanza msiwaguse, jishikeni wenyewe.) Februari 1972, Metropolitan Opera ya New York, akaimba wimbo wa mtunzi Donizetti wenye do ya juu mara tisa, zote zikatoka kama maji ya bomba, watu wakamrudisha jukwaani mara 17. Itazameni shingo yake anapoimba. Imetulia.

Sisemi alikuwa malaika. Kwenye jumba la opera la Chicago alikosa kutokea maonyesho 26 kati ya 41, hadi mwaka 1989 wakamfungia mlango. Mwaka 1992 watazamaji wa La Scala, jumba la opera la Milano, wakamzomea kwenye opera Don Carlo. Wale mnaonitumia ujumbe Jumamosi usiku, "Mwalimu, nina mafua," hilo la Chicago ni lenu.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana mwalimu wetu alitaka kelele, nami nikampa kelele. Kufika miaka arobaini, fa ya juu ilikuwa imenikimbia, nikahamishiwa sauti ya nne nikisingizia kwamba huko waimbaji hawatoshi. Mke wangu tu ndiye aliyejua.

Basi Alhamisi njooni saa kumi na nusu, kabla sauti nyingine hazijafika. Hatutaimba wimbo wowote. Mikeka ninayo. Kila mmoja aje na kitabu chake cha nyimbo, kile kinene. Mtalala chali, kitabu juu ya tumbo, na nitapita nikitazama cha nani kinapanda na cha nani kimekaa tu.

Mwalimu wenu mstaafu