Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa wilaya yetu: ishushe ile ramani ya bluu

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo. Najua una majukumu mengi, na barua zangu mbili za mwaka jana bila shaka bado ziko njiani, ingawa toka kwangu hadi ofisini kwako ni daladala moja tu.

Mimi ni mchora mabango hapa Arusha. Saluni, bucha, genge la mboga: ukiona herufi zimenyooka maeneo ya soko la Kilombero, huenda ni mkono wangu. Nakula kwa rangi. Ndiyo maana aibu hii inanichoma mara mbili.

Miaka miwili iliyopita watafiti walikuja kijijini kwetu, chini ya Mlima Meru, wakapima floraidi kwenye visima, yaani yale madini ya majini yanayofanya meno kuwa ya kahawia yakizidi. Ulisimama mwenyewe mkutanoni ukaahidi majibu ambayo hata bibi kizee angeyaelewa. Tulipiga makofi. Majibu yakaja, yakabandikwa zahanati: karatasi ya Kiingereza, nembo saba za wafadhili, michoro kama miba ya samaki, na katikati ramani. Kisima cha juu kimepakwa bluu iliyokolea, cha bondeni rangi ya udongo. Maelezo ya rangi yapo chini kabisa, herufi ndogo kama sisimizi.

Mheshimiwa, bluu ni maji safi. Muulize mtoto yeyote. Udongo ni tope. Nikamwambia mama watoto tuachane na kisima cha bondeni. Miaka miwili tumepanda kile kilima na madumu.

Jumatano iliyopita muuguzi mgeni akanielewesha: bluu inavyozidi kukolea, ndivyo floraidi inavyokuwa nyingi. Nikatafuta benchi nikae.

Na nyumbani tulikuwa tunayachemsha mpaka yapungue, kwa sababu kando ya ramani kuna bango la kuhara lenye sufuria motoni. Bango zuri lile, nakiri, aliyelichora anaijua kazi. Ila kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haiondoki, maji yakipungua, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Hata magadi tunayotia kwenye makande yana floraidi. Nasikia yote hayo yamo kwenye ripoti. Hongereni.

Binti yangu wa darasa la 5 akicheka anaziba mdomo. Meno yake ni ya kahawia kama yangu. Mimi nikifika Dar es Salaam wanajua nimetoka wapi kabla sijasalimia. Kitinda mimba ana miaka 3. Muuguzi anasema meno yake ya ukubwani yanajiumba sasa hivi ndani ya ufizi. Sasa hivi, Mheshimiwa, wakati unasoma.

Sijui nani alichagua ile rangi. Nadhani ni kompyuta, na mtu akasema inapendeza. Au ilichorwa kwa ajili ya wafadhili, maana wao hawachoti maji kwetu. Mwaka 1854 kule London, daktari John Snow aliweka alama nyeusi kwenye ramani kwa kila aliyekufa kwa kipindupindu, na alama zikalundikana kuzunguka pampu moja ya mtaa wa Broad. Wino mweusi tu, na pampu inajitaja yenyewe.

Naomba ukuta wa zahanati, ule unaotazamana na foleni ya kliniki. Nitachora visima vyetu kwa majina tunayoviita. Kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, nitakipaka nyekundu na jino la kahawia juu yake. Na nitachora sufuria motoni, niikate kwa alama ya X. Brashi ninayo, rangi nitanunua mwenyewe.

Kama ukuta nao una mchakato, basi ramani ishushwe tu. Hiyo haihitaji bajeti, ni misumari minne. Leo asubuhi nimemkuta mama mmoja akipanda kilima na dumu, mtoto mgongoni, nikamgeuza. Siwezi kusimama pale kila siku, Mheshimiwa. Ishushe.

Mchora mabango,
Arusha