Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wazazi wanachama, Lubumbashi

Ndugu wanachama, mama na baba,

Mwaka huu swali moja lilirudi katika kila mkutano, iwe katika komine ya Kenya au ya Katuba hapa mjini: tiba za jeni kwa watoto waliozaliwa na kinga dhaifu zitatufikia lini? Wengine walitaka tuiandikie barua kampuni inayozitengeneza. Kamati ilikataa, na sababu ndizo hizi.

Dawa ya ugonjwa adimu huweza kupewa hadhi ya dawa yatima. Sheria ya Marekani ni ya 1983: wagonjwa wawe chini ya 200,000 nchini humo, na dawa ikipita, kampuni hulindwa dhidi ya washindani kwa miaka 7. Ulaya inasema watu wasizidi 5 kati ya 10,000, na ulinzi ni miaka 10. Anayevutwa hapo ni mtengenezaji. Mgonjwa hajaahidiwa kitu.

Tazameni Strimvelis, tiba ya watoto wanaokosa kimeng'enya cha ADA (protini ambayo mwili unaihitaji), ambao chembe zao za kinga hufa. Chembe za uboho wa mtoto mwenyewe hutolewa, hutiwa jeni isiyo na kasoro kwa kirusi kilichoondolewa makali, kisha hurudishwa mwilini kupitia mshipa. Ulaya iliiruhusu 2016 kwa bei ya euro 594,000. Chembe zikiwa tayari hudumu saa 6 tu, kwa hiyo familia zililazimika kwenda Milano. Hadhi ya yatima ilikuwa nayo, lakini 2022 kampuni ya pili kuimiliki ilitangaza kuiacha. Aliyeiokoa ni shirika la hisani la Italia, Fondazione Telethon. Ikiwa huko kwenye pesa imekuwa hivyo, barua yetu ingefanya nini?

Kwa hiyo nguvu tumeziweka kwenye kuwatambua watoto wetu. Kipimo cha kawaida cha damu kinaweza kuonyesha idadi ya limfositi, yaani chembe za kinga katika damu, na kwa mtoto mchanga idadi ndogo sana ni dalili ya hatari. Ila karatasi ikifika nyumbani watu wanatazama malaria na hemoglobini, wanaikunja, basi. Mtoto wa pili akifa kwa nimonia, anatafutwa mlozi, na wa kwanza kusemwa ni mama yake. Kweli, aina moja ya ugonjwa huu wa kuzaliwa na kinga dhaifu hupitia kwa mama na kuwapata watoto wa kiume. Huo si ulozi, na mama hana kosa.

Jambo moja nalisisitiza. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni chanjo hai, yaani ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtoto asiye na kinga ni hatari. Nyumba iliyofiwa na wachanga imwambie muuguzi kabla ya sindano. Wengine wote chanjeni kama kawaida. Sitaki kusikia chama kimekataza chanjo.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Michango inachelewa, mnajua wenyewe.

Mkutano ujao leteni karatasi za maabara za zamani, hata zilizochakaa, hata za mtoto aliyefariki. Katibu ataziandika daftarini bila majina. Na anayetaka kugombea kiti changu ajiandikishe kwake siku hiyohiyo.

Mwenyekiti