Itoeni seva, lakini waliomo wamalize kwanza

Mhariri,

Nina duka la kuchapisha na kujaza fomu mtaani Langoni, hapa Lamu. Jumanne iliyopita alinijia mama mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, na bintiye, wakitaka kuomba nafasi ya chuo. Tulikaa karibu saa nzima na vyeti, picha na matokeo. Tulipofika kwenye malipo, pesa zikakatwa kwenye simu yake na ukurasa ukazimika papo hapo. Kufungua tena, mfumo unatutaka tuanze mwanzo. Risiti hakuna.

Nikawapigia simu wahudumu wa mfumo huo. Kijana aliyepokea alinijibu kwa upole kwamba mfumo uko sawa, ila seva moja kati ya tatu, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo, imetolewa kwa matengenezo. Hapo ndipo niliposikia uchungu. Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi hiyo hiyo ya kutunza seva Mombasa miaka sita, na jambo hili lina dawa.

Seva zikiwa kadhaa, mbele yake huwekwa programu ya kupokea wateja na kuwagawa. Katika HAProxy, kwa mfano, seva hutolewa kwa njia mbili. Ukiiweka katika hali ya matengenezo, haipelekewi mteja yeyote tena. Ukiiweka katika hali ya dreini, wageni hupelekwa kwenye seva nyingine, lakini mteja ambaye kivinjari chake kina alama ya seva ile huendelea kuhudumiwa pale pale. Msimamizi hutazama idadi ya waliobaki, ikifika sifuri ndipo anazima. Amazon nao, katika huduma yao ya kugawa mzigo, huyapa maombi yaliyokwisha kuanza sekunde 300 usipobadilisha chochote, na unaweza kuongeza hadi 3,600.

Fomu ya saa nzima inataka zaidi ya hapo. Alichokwisha kujaza mteja kisikae ndani ya seva moja, kiwekwe mahali ambapo seva zote zinakisoma. Hapo hata moja ikianguka ghafla, nyingine inaendelea naye.

Gatini kwetu jambo hili halina ugeni. Mashua ikitakiwa kwenda Matondoni kukalafatiwa, nahodha huacha kupakia. Waliokwisha kupanda huwafikisha Mokowe kwanza. Sijaona nahodha aliyewashusha watu katikati ya mkondo.

Nawaomba wasimamizi wa mifumo hii, wa serikali na wa binafsi: dreini kwanza, kuzima baadaye, na kazi hiyo ifanywe usiku, si saa nne asubuhi siku ya kazi. Malipo yaliyoanza yasikatwe kabisa.

Yule mama alisubiri dukani kwangu hadi alasiri. Boti za Pate hufuata maji, na yakipwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki. Walilala kwa jamaa zao hapa mjini. Asubuhi tulijaza upya, akalipa mara ya pili. Pesa za kwanza, leo ninapoandika, hazijarudi.

Mwenye duka la kuchapisha,
Langoni, Lamu